Bundi wa Studio, Bundi wa Mlimani

Mkisikia sauti yangu imekwaruza kidogo leo, msinitafutie dawa. Ni baridi ya Mlima Kenya, bado haijanitoka kooni.

Kabla ya mlima, nianze na kabati. Katika chumba cha nyuma cha studio yetu kuna kabati la chuma lililojaa santuri za sauti. Ipo ya mvua juu ya mabati, ipo ya mlango unaokwaruza, ipo ya gari linalokataa kuwaka, ipo ya watu sokoni. Na ipo moja iliyoandikwa kwa wino mzito: "Kifo, usiku." Ukiicheza humsikii mtu akikata roho. Unamsikia bundi. Analia mara moja, ananyamaza, kisha anatoa mlio mrefu wa kutetemeka. Miaka ile nilipokuwa nikitengeneza michezo ya redio, niliua wahusika wengi sana kwa santuri hiyo. Bundi akishalia tu, msikilizaji nyumbani anajua kwamba mgonjwa wa kwenye mchezo haioni asubuhi. Mwandishi hana haja ya kuongeza hata neno.

Sikuona ubaya wowote, maana hata lugha yetu imeshamhukumu. Mtu aliyetoka nyumbani mambo yakamnyookea, wazee wa pwani husema amepata ndege njema. Yakimkwama mlangoni, ni ndege mbaya. Neno ni lile lile la kiumbe mwenye mabawa, lina heri na lina shari, na bundi ametwishwa shari yote peke yake. Akilia juu ya nyumba ni uchuro. Kwa Wagikuyu bundi ni ndundu, na ndundu vilevile ni kikao cha siri, cha watu wanaonong'onezana pembeni.

Nyanya yangu mzaa mama aliishi chini ya safu ya Nyandarua. Akimsikia bundi karibu na nyumba, hasemi kitu. Anainuka, anachomoa kijinga cha moto mekoni, anatoka nacho nje na kukirusha gizani. Sisi watoto tunaona tu cheche zikipita mlangoni. Kisha anarudi, anakaa, anasema, "Ameenda kuwatafuta wengine." Hatukuthubutu kuuliza hao wengine ni akina nani.

Basi mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta mwenyewe, kwa miguu yangu, na kwa kulipa.

Sikwenda peke yangu. Pale Nairobi, kila Jumatano asubuhi, watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Taifa wakiwa na darubini shingoni, kisha huenda kutazama ndege. Matembezi hayo yapo tangu miaka ya sabini, na kwa muda mrefu yaliongozwa na mama mmoja anayejulikana sana kwa jambo hilo, Fleur Ng'weno. Huko ndiko nilikopata wenzangu watatu. Tukakubaliana kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, tukiwa na shabaha moja: bundi mkubwa wa milimani, yule ambaye vitabu vya ndege vinamwita bundi wa Mackinder.

Halford Mackinder alikuwa mwanajiografia wa Kiingereza. Tarehe 13 Septemba 1899 alifika kilele cha Batian, mita 5,199, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, na hao ndio wanaoandikwa kuwa wa kwanza kufika pale. Jina lake likabaki kwenye kambi moja bondeni na kwa ndege huyu. Ndege mwenyewe hana habari. Kabla ya hapo alikuwa ndundu, na kwa wenyeji bado ni ndundu.

Usiku wa kwanza tulilala karibu na lango, ndani ya msitu, kama mita 2,400 juu ya bahari. Saa mbili na nusu hivi, chai ikiwa bado mkononi, nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia hata kwenye lile kabati. Kilianza kama bawaba kavu, kwa taratibu, krr, krr, kikapanda, kikapanda tena, kikaishia kwa kelele za mtu anayenyongwa. Nikamshika mkono kiongozi wetu wa njia, kijana wa huko huko Naro Moru, nikamnong'oneza: "Bundi!"

Akacheka bila hata kugeuka. "Mkubwa, huyo ni perere."

Perere. Kinyama kama sungura mnene, hakina mkia, kinakaa juu ya miti, na wataalamu wanasema ndovu ni katika jamaa zake wa karibu. Usiku hupanda mti na kupiga ukelele ili perere wengine wajue pale pana mwenyewe. Tangu usiku ule najiuliza ni hadithi ngapi za bundi wa kutisha, kule milimani, ambazo kwa kweli ni hadithi za perere. Bundi anabeba lawama, na mwenye kelele amelala zake kwenye tundu la mti.

Bundi halisi alikuja baada ya saa nzima, na nusura nimkose kwa kupiga mwayo. Hu-hu. Kimya. Hu-hu, hu-hu-hu-hu. Sauti laini, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu. Kutoka upande wa pili wa kambi mwingine akamjibu kwa sauti ya juu kidogo. Huyu ni bundi wa msituni, wa kimo cha wastani, kichwa mviringo kisicho na vile vishungi vinavyofanana na pembe, macho meusi. Dume na jike huitikiana. Ukiwasikiliza kwa dakika kumi bila kufikiria makaburi, ni mume na mke wanaulizana uko wapi.

Na hapo ndipo nilipoaibika. Sauti ile haikufanana hata kidogo na ya santuri yetu. Nilimwimbia mwenzangu mmoja, aliyewahi kuishi Ulaya, mlio wa "Kifo, usiku". Akasema bila kusita: huyo ni bundi wa misitu ya Uingereza. Nikakumbuka kwamba santuri zile zilinunuliwa huko. Kwa maneno mengine, miaka yote ile nilikuwa nikiwaua Wakenya kwa bundi wa Kiingereza, na hakuna msikilizaji hata mmoja aliyeandika barua kulalamika. Wote tulimjua bundi kwa kuogofywa naye. Kumsikiliza, hakuna aliyemsikiliza.

Asubuhi tukapanda. Msitu wa chini una shorobo, ndege wa kijani anayekimbia juu ya matawi kama kindi. Akikunja mabawa huoni cha ajabu, lakini akiruka tu, mabawa yanawaka wekundu. Wekundu ule umetokana na rangi yenye shaba ndani yake, shaba hii hii ya nyaya za umeme. Baada ya msitu ni mianzi, na mianzi mimi hainifurahishi, unasikia ndege kumi na huoni hata mmoja. Kwenye kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, kwale wa mlimani walikuja kuokota makombo ya mkate chini ya meza yetu, miguu myekundu, bila haya. Juu ya hapo ni bwawa la matope lililolazwa kwenye mteremko. Nilizama hadi magoti, sitaki kulizungumza.

Lakini juu ya matope, wasikilizaji wangu, pana nchi nyingine. Miti inakwisha. Inabaki nyasi ngumu, mawe, na mimea ambayo nilidhani mtu ameichora tu. Lobelia moja inasimama kama mnara wa manyoya, imenipita kimo. Nyingine imekaa chini kama kabichi kubwa iliyofumbuka, na katikati ya majani yake imekinga maji. Usiku maji hayo hufanya barafu juu, lakini chini yake hayagandi, na chipukizi linabaki salama. Nilitia kidole asubuhi, nikavunja barafu nyembamba kama kioo cha saa, na chini yake kweli kulikuwa na maji.

Kwenye mnara mmoja wa lobelia alitua chozi. Mnamjua chozi, yule ndege mdogo wa maua anayekuja kwenye migomba na mibuni. Huyu wa juu ni wa namna yake. Dume ni kijani kinachong'aa kama bati jipya, mkia una manyoya mawili marefu yanayomzidi mwili, na ubavuni, chini ya bawa, ana kishungi chekundu anachokionyesha akikasirika. Alikasirika kweli. Dume mwingine alitua hatua kumi tu kutoka pale, na yule wa kwanza akamrukia, wakapaa wakizungukana, wekundu ukitoka na kujificha. Kisha akarudi kwenye mnara wake, akaanza kuingiza mdomo uliopinda kati ya manyoya ya lobelia, akivuta utamu na kudokoa wadudu waliojisitiri humo na baridi. Pale ni zaidi ya mita 4,000. Sisi tumevaa kofia mbili mbili, na yeye hajafika hata uzito wa barua. Nilikaa chini kumtazama mpaka wapagazi wakadhani nimepata ugonjwa wa mlima.

Kama mnataka mlima kwa ajili ya chozi huyo peke yake, nendeni. Sitabishana na mtu.

Bundi je? Tulifika bonde la Teleki alasiri. Kiongozi wetu akaniambia nisitafute ndege, nitafute choo chake. Ikawa kweli: kwenye majabali juu ya bonde kulikuwa na michirizi myeupe, kama mtu amemwaga chokaa kutoka ukingoni. Pale ndipo anapokaa mchana. Usiku ukaingia, tukajibanza nyuma ya jiwe. Wapagazi walisema upepo ukitulia huja mpaka kambini kufuata panya, na pimbi wachanga kwenye mawe nao hawasalimiki. Upepo haukutulia. Saa tatu tochi yangu ikafa, maana baridi hunyonya betri. Saa nne vidole vikafa. Saa tano nikarudi hemani nikiwa sijaona unyoya. Usiku wa pili ukawa kama wa kwanza, ila na theluji kidogo.

Tulipokuwa tunashuka, kiongozi wetu, ambaye alikuwa mpole siku zote, akauliza: "Kwani shida yenu ni bundi tu?"

Tukasema ndiyo, tangu mwanzo ni bundi.

"Mngesema. Yuko kwa mzee mmoja, Kieni. Anakaa kwenye jabali la shamba lake."

Nilitamani kukaa chini palepale. Siku tatu za ada ya hifadhi, matope hadi magoti, na ndege yuko kwenye shamba la viazi, kando ya barabara!

Kieni ni ile nchi tambarare ya Nyeri iliyo kati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Pana ukavu, lakini mito midogo imechimba mabonde, na mabonde yana kuta za mawe. Watu wanalima viazi, kabichi na vitunguu mpaka ukingoni. Bundi wa milimani hahitaji theluji. Anahitaji jabali la kutagia, na panya wa kutosha. Shamba lina panya wengi kuliko mlima. Watazamaji ndege wa nchi za mbali wanalijua jambo hilo zamani, husimama Kieni makusudi. Mimi mwenyeji ndiye niliyepanda mlima kwanza.

Mzee alitupokea kwa chai, akachukua fimbo, akatutangulia. Kwenye ukingo akatukalisha chini, akanyoosha fimbo kuelekea ukuta wa pili. "Pale, chini ya mzizi." Sikuona kitu. "Chini ya mzizi, kijana, kushoto kwa doa jeupe." Bado ni jiwe. Kisha jiwe likafungua jicho.

Rangi ya chungwa. Nimesoma hivyo vitabuni na bado sikuwa tayari. Jicho la chungwa lililoiva, duara kamili, katikati ya manyoya ya kahawia na meusi yaliyofanana na mwamba kwa kila doa. Vishungi viwili juu ya kichwa, ambavyo watu huvidhania masikio. Masikio yenyewe ni matundu yaliyofichwa na manyoya ya uso. Hawezi kuzungusha macho, yamekazwa kichwani, kwa hiyo anazungusha shingo nzima. Alitugeuzia uso polepole, kifua kikiwa bado kinatazama ukuta, akatuona hatuna maana, akafumba.

Nikamuuliza mzee kama haogopi.

"Nikiwa mtoto nilimpiga mawe," akasema. "Sote tulimpiga mawe. Mama yangu alimfukuza kwa moto." Nikamwambia nyanya yangu pia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jamaa yake. "Halafu nikaanza kulima. Unajua fuko?"

Nani wa milimani asiyemjua fuko! Anachimba chini kwa chini, unaona mmea wa kiazi unatikisika, unazama, umekwisha. Mzee alisema mtega fuko humdai pesa kwa kila mkia anaomletea. "Huyu," akanyoosha fimbo, "hajawahi kunidai."

Akainama chini ya mti wa kando, akaokota kidude kama kidole gumba, kijivu, kikavu. Bundi humeza panya mzimamzima. Nyama inasagika, lakini mifupa na manyoya hukusanyika kwenye firigisi, vikafinyangwa, na bundi huvitapika kabla ya kula tena. Mzee akakivunja kwa kucha kama anavunja mandazi. Ndani mlikuwa na manyoya yaliyoshikamana, mifupa kama vijiti vya kiberiti, na taya lenye meno marefu ya rangi ya machungwa. Akaniwekea taya kiganjani. "Huyu alikuwa anakula viazi vyangu."

Anatoza wageni ada kidogo ya kumwona bundi, na sioni kwa nini mtu anune. Kuna wanaosema ndege ni wa Mungu, mkulima hana haki ya kuuza kumtazama. Watu hao hulipa langoni mwa hifadhi bila kunung'unika. Mzee huyu ameacha kumwaga sumu ya panya shambani, kwa sababu panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye anakufa. Amewakataza vijana kukata miti ya ukingoni. Amewafukuza watu waliotaka mayai na manyoya kwa kazi zao za uganga. Na amemfukuza mgeni mmoja mwenye kamera ndefu aliyerusha kokoto ili ndege aruke apigwe picha nzuri. Hapo alikasirika hata kwa kusimulia: "Nimeacha kumpiga mawe mimi, aje kumpiga yeye!"

Na hili si la Kieni peke yake. Kule pwani, msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna kijibundi cha kukaa kwenye kiganja ambacho wataalamu walikiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Unaweza kutembea humo wiki nzima usikione. Lakini kuna waelekezi wa vijiji vya jirani wanaojua leo kimelala kichaka gani. Hakuna kitabu chenye habari hiyo. Bundi huonekana kwa kuelekezwa na jirani yake.

Tulisubiri jua lizame. Nilikuwa na kinasa sauti, kazi ni kazi. Saa moja kasoro hivi akasimama, akajinyoosha bawa moja kisha la pili. Ukingo wa unyoya wa mbele wa bawa lake una meno madogo kama chanuo, ndiyo yanayokata upepo vipande vipande asisikike akija. Akatoa sauti: huu, nzito, kimya kidogo, kisha huu-hu, kama mtu anabisha ndani ya mtungi. Akajiachia. Akapita juu ya vitunguu, juu yetu, na katika kupita huko kinasa sauti changu hakikunasa chochote isipokuwa mzee akisema kwa sauti ya chini, "Ameenda kazini."

Niliporudi studio nilimpa fundi wetu wa sauti ile kanda aihifadhi. Akaisikiliza kwa vipokea sauti, akaitikia kwa kichwa, akafungua kabati na kushika kalamu yake ya wino mzito. "Niandike nini, Kifo namba mbili?"

Nikamwambia aandike Kilimo.

Alinitazama sana. Lakini ameandika, nimeiona kwenye rafu, iko kati ya trekta na ng'ombe. Fundi, tuwekee.